Je, umri na makato ya kodi humfanya kijana kuwa mhafidhina?

Mtumishi wa Mtumba

Wanajamvi, salaam.

Naleta kwenu hoja ambayo hapa Dodoma huibuka kila watumishi wa rika tofauti wanapokaa pamoja, na ambayo naona hujibiwa kwa haraka kuliko inavyostahili. Wakubwa zetu wanasema kwamba kijana anayetaka serikali isomeshe bure, itibu bure na iwabane wenye mali atanyamaza mara atakapoanza kukatwa kodi, kujenga na kulea. Kwamba mawazo ya mageuzi ni ya ujana, na uhafidhina huja wenyewe pamoja na mvi. Wengine huongeza kwamba jambo hili limekwisha kuthibitishwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo haliwezi kuwa tofauti kwetu.

Mimi ni mwajiriwa wa umma mwenye umri wa miaka thelathini na ushei, na makato hayo nimeshaanza kuyaonja. Naomba niyaeleze kwa mfano wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, maana bila tarakimu tutabaki kulumbana tu. Kwanza unatoka mchango wa pensheni wa asilimia 5, yaani shilingi 50,000. Bima ya afya inachukua asilimia 3, ambayo ni shilingi 30,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye shilingi 950,000 zinazobaki baada ya pensheni: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, kisha viwango vinapanda kutoka asilimia 8 hadi 20 na 25, na jumla yake inakuwa shilingi 115,500. Halafu inakuja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika, yaani shilingi 150,000. Kinachofika benki ni shilingi 654,500. Angalieni kwamba kwa mtumishi huyu kijana deni la kusoma ni kubwa kuliko kodi yenyewe, ilhali mkuu wake wa kazi aliyesomeshwa na serikali enzi ambazo mwanafunzi hakudaiwa hana kabisa mstari huo kwenye hati yake ya mshahara.

Swali langu, basi, ni hili: makato ya namna hii yananipeleka kwenye uhafidhina kama wanavyotabiri wakubwa, au yananipeleka kwingine? Na uhafidhina huo tuutafute wapi: kwa mtu anayetaka kodi ndogo na serikali ndogo, kwa anayeshikilia mila na dini, au kwa anayependa uongozi uliopo uendelee? Nauliza hivyo kwa sababu nawafahamu watu ambao hawataki kubadili chochote katika mojawapo ya hayo, na papo hapo wanataka mabadiliko makubwa katika lingine.

Nawasilisha.

Mhadhiri, Iyumbu

Ndugu mleta mada, nianze na hao Wazungu waliotajwa kuwa ushahidi, kwa sababu ushahidi wao wenyewe hausemi kinachosemwa kwenye vijiwe.

Nchini Uingereza, taasisi ya kura za maoni ya YouGov hutafuta, baada ya kila uchaguzi mkuu, umri ambao kuanzia hapo mpiga kura anaelekea zaidi kuchagua chama cha Conservative, yaani cha wahafidhina, kuliko Labour. Katika uchaguzi wa 2017 umri huo ulikuwa miaka 47. Mwaka 2019 ukashuka hadi 39. Mwaka 2024 ukaruka hadi 63. Kama uhafidhina ungekuwa unakuja na mvi, umri huo usingeshuka miaka minane ndani ya miaka miwili, kisha ukapanda miaka ishirini na minne ndani ya mitano. Wazee walikuwa walewale, na mwili wa binadamu huzeeka kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni siasa: nani alikuwa madarakani, alikuwa amefanya nini, na nani alikuwa na nyumba.

Hilo la nyumba naliona ndilo kiini. Serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu kutoka Conservative, kwa sheria ya mwaka 1980, iliwaruhusu wapangaji wa nyumba za halmashauri kuzinunua kwa punguzo kubwa, na nyumba zaidi ya milioni moja zikauzwa kwa utaratibu huo. Familia ya mfanyakazi iliyokuwa ikipanga ikawa na mali ya kulinda. Vijana wa leo wa nchi hiyo wanafika miaka arobaini wakiwa bado wanalipa pango, na mwaka 2022 mchambuzi wa takwimu wa gazeti la Financial Times, John Burn-Murdoch, alionyesha kwamba kizazi kilichozaliwa kati ya 1981 na 1996, Uingereza na Marekani, hakikuwa kikielekea upande wa kulia, yaani wa uhafidhina, kama vizazi vilivyokitangulia vilipofikia umri huohuo.

Sisemi kwamba umri hauna nguvu yoyote. Watafiti Peterson, Smith na Hibbing, katika makala waliyochapisha mwaka 2020, waliwafuatilia kwa miongo kadhaa Wamarekani waliomaliza sekondari mwaka 1965, wakakuta mambo mawili ambayo lazima yasemwe pamoja. La kwanza ni kwamba watu wengi hubaki na msimamo uleule maisha yao yote. La pili ni kwamba katika wale wachache wanaohama, wanaotoka kwenye mageuzi kwenda kwenye uhafidhina ni wengi kuliko wanaokwenda upande wa pili. Kwa hiyo wakubwa zako wana chembe ya ukweli mkononi. Kosa lao ni kuifanya chembe hiyo kuwa sheria.

Kuna pia utafiti wa zamani ambao mimi huwapa wanafunzi kila mwaka. Mwanasaikolojia Theodore Newcomb aliwasoma wasichana wa chuo cha Bennington, Marekani, katika miaka ya 1930. Wengi wao walitoka katika familia tajiri za kihafidhina, lakini chuoni walikutana na walimu na wenzao wa mawazo ya mageuzi, na kadiri walivyokaa ndivyo walivyobadilika. Walipohojiwa tena miaka ya 1960, na mara nyingine miaka ya 1980 wakiwa wazee, wengi walikuwa wamebaki na mawazo waliyoyapata chuoni. Walikuwa wameolewa, wamekuwa na mali, wamelipa kodi maisha yao yote.

Sasa kuhusu kodi. Mfano unaopendwa na wanaosema kodi huzaa wahafidhina ni California ya mwaka 1978, ambako wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13 lililobana kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani iliyothaminiwa, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka maadamu nyumba haijauzwa. Waliofaidika zaidi ni wenye nyumba wa muda mrefu, yaani wenye umri. Hoja hiyo naikubali. Lakini ipimeni na Uingereza ya 1990, ambako kodi ya kichwa, inayotozwa kwa kila mtu mzima bila kujali mali yake, iliyoanza Uskoti mwaka 1989 ilizua maandamano na vurugu jijini London, dhidi ya serikali ya wahafidhina wenyewe, hadi ikafutwa na nyingine kuchukua nafasi yake mwaka 1993. Kuichukia kodi ni jambo moja, na kuwa mhafidhina ni jambo jingine. Anayelipa kodi kubwa aghalabu ndiye mwenye kipato kikubwa na mali nyingi, kwa hiyo tunapomwona amebadilika tunailaumu kodi, ilhali mali ndiyo iliyombadilisha.

Mstaafu wa Makole

Vijana wangu, nawasalimu nyote.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967. Nitasema, basi, kuhusu rika ambalo limekwisha kuzeeka, ambalo swali la mleta mada linaweza kupimwa kwalo bila kubahatisha.

Sisi tulilelewa katika miiko. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Mwenye nyumba za kupangisha alihesabiwa mnyonyaji, kupe, na sisi vijana wa wakati ule tuliyaamini maneno hayo kwa moyo wote. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala, CCM, kikalegeza masharti yale. Kufikia hapo wengi wetu tulikuwa tumevuka miaka arobaini, tuna watoto wa kusomesha na mishahara isiyofika mwisho wa mwezi. Tukajenga. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, vyumba tulivyokuwa tumevijenga Makole na Chang'ombe vikapata wapangaji wa kudumu, na leo wapo wenzangu wengi wanaoishi kwa pango kuliko kwa pensheni. Katika jambo hilo tulibadilika, na haitakuwa haki kuwaficha. Mwenzangu aliyekuwa akihutubia juu ya mirija ya unyonyaji mwaka 1970 leo hataki kusikia habari ya sheria ya kudhibiti pango.

Lakini tazameni ambacho hakikubadilika. Rika langu halijaacha kuamini kwamba kumsomesha mtoto na kumtibu mgonjwa ni wajibu wa serikali. Gharama za matibabu zilipoanza kutozwa hospitalini mwaka 1993, kwetu ilikuwa kama kuvunjiwa ahadi, na hadi leo nikikutana na wenzangu hakuna anayesema kwamba ulikuwa uamuzi mwema. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, tulifurahi sana, ingawa tulijua fedha hizo zinatoka kwenye kodi. Hao ni watu wa miaka sitini na sabini, wenye nyumba, na kwa mujibu wa nadharia ya kijiweni walipaswa kuwa wamekwisha kusema kila mtu abebe mzigo wake.

Uhafidhina wetu uko kwingine. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi nzima kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Nilikuwa miongoni mwao. Haikuwa kwa sababu ya kodi wala kwa sababu ya mali. Tuliogopa kuvurugika kwa utulivu ambao tuliuona ukikosekana kwa majirani. Tume ikapendekeza vyama vingi licha ya hesabu hiyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hofu ile bado tunayo, na vijana mnapotuona tunasita kila linapotajwa badiliko la uongozi, jueni kwamba hapo ndipo kusita huko kunapotoka. Mngekuwa na kumbukumbu zetu mngetuelewa, hata kama msingekubaliana nasi.

Mhadhiri ametaja kodi ya kichwa ya Waingereza. Hapa kwetu nasi tulikuwa na kodi ya maendeleo, iliyodumu hadi ilipofutwa mwaka 2003. Vijijini huku Ugogoni mgambo walipita alfajiri wakidai stakabadhi, na kijana asiyekuwa nayo alikimbilia porini. Mwenye kundi la ng'ombe na asiye na hata mbuzi mmoja walidaiwa kiasi ambacho hakikutofautiana sana. Kodi ile haikumfundisha mtu kupenda serikali ndogo. Ilimfundisha kuikwepa ofisi ya kijiji, na wapo ambao hata leo wakiitwa mkutanoni hawaendi. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko fedha yoyote iliyokusanywa.

Mama wa Sabasaba

Shikamoo mzee wetu, na wengine nawasalimu.

Mmezungumza kama watu wa mishahara, ambao kodi hukatwa kabla hawajaishika fedha. Sisi wa sokoni tunaitoa mkononi, na naamini tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Nilianza kwa meza ya mboga nikiwa binti, na sasa nauza nafaka na mafuta ya alizeti kutoka Singida. Mwishoni mwa mwaka 2018 vilipoletwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, wengi wetu tulivipokea kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza mtu alilipa mara moja kwa mwaka na hakufukuzwa barabarani. Mauzo yakizidi hapo unaingia kwenye makadirio. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya shilingi 4,000,000 na 7,000,000 ambaye hana kumbukumbu alilipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi shilingi 4,000,000. Chukueni mfanyabiashara wa mauzo ya shilingi 5,000,000: asiye na daftari alitoa 100,000, mwenye daftari alitoa 30,000. Akina mama wenzangu waliolielewa hilo walianza kuandika kila gunia linaloingia na kila lita inayotoka.

Daftari hilo ndilo lililonibadilisha mimi, wala si umri. Ukishajua kwa tarakimu umetoa kiasi gani, unaanza kutazama mtaro wa soko umezibuliwa au haujazibuliwa, taa za usiku zinawaka au haziwaki, choo kina maji au hakina. Sitaki serikali ipungue, nataka ionekane. Ninamwona mzee wangu hapo juu akisema rika lake halikuacha kudai shule na hospitali, nami nasema rika letu la kati linadai hivyohivyo, ila sisi tunadai na risiti.

Kuhusu mila, nakiri nimekuwa mkali zaidi kwa binti zangu kuliko mama yangu alivyokuwa kwangu. Lakini hilo limetokana na simu na mji uliojaa wageni, na halina uhusiano wowote na Mamlaka ya Mapato.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka mwezi Mei 2023, na tena Juni 2024, walikuwemo vijana wa miaka ishirini na wazee wa sabini. Walichokilalamikia kilikuwa namna kodi inavyokusanywa na wanavyosumbuliwa. Hapo umri ungewagawa vipi?

Mpangaji wa Nkuhungu

Naomba niongeze jambo ambalo wenye nyumba hawaliandiki.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kuutumia. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Mtu akinunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, ujumbe wa tokeni unakuja na mistari yake: kodi ya ongezeko la thamani, tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na chini yake kodi ya jengo. Nyumba ninayokaa ina vyumba sita na mita moja. Mwezi ukigeuka, yule ambaye giza limemkuta na akaamua kununua ndiye anayekatwa. Mara nyingi ni kijana anayeishi peke yake, kwa sababu wenye familia wamekwisha kujifunza kusubiri. Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba waelewane jinsi ya kurudishiana, lakini mpangaji gani atakwenda kudai shilingi 1,500 kwa mtu ambaye mwezi ujao atampelekea pango la miezi sita?

Kwa hiyo mimi nalipa kodi ya nyumba ambayo si yangu, na ambayo kwa bei za viwanja za leo sidhani kama nitaweza kuwa na inayofanana nayo kabla sijazeeka. Mniambie kodi hiyo inanifanya niwe mhafidhina wa kuhifadhi nini.

Mtumishi wa Mtumba

Nashukuru sana kwa michango hii. Shikamoo mzee wetu wa Makole.

Nina swali moja kwako, na naomba unijibu kama baba anavyomjibu mwanawe. Hapo awali Bodi ya Mikopo ilikuwa ikikata asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa na kiwango kikawa asilimia 15. Wenye nyumba kadhaa za kupangisha wanalipa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kawaida, na kama alivyosema ndugu yetu wa Nkuhungu, mara nyingine hata hizo hazitoki mfukoni mwao. Kukiletwa pendekezo la kuongeza kodi ya nyumba za kupangisha ili makato ya mikopo yarudi asilimia 8, rika lako lingeliunga mkono?

Mstaafu wa Makole

Marahaba mwanangu.

Wangelipinga. Wangesema pensheni haitoshi, saruji imepanda, na mpangaji ndiye atakayeongezewa pango mwisho wa yote. Na hilo la mwisho wasingekuwa wamekosea kabisa. Mimi ningeliunga mkono, na sababu yangu ni moja. Nilisoma nauli, sare na chakula vikiwa juu ya serikali, kwa kodi na jasho la wakulima ambao watoto wao hawakupata nafasi niliyoipata. Deni hilo halijawahi kukatwa kwenye mshahara wangu. Naona ni haki likatwe sasa kwenye pango, na limfae kijana anayeanza maisha.

Nalo la LUKU nimelisoma na limeniuma. Nitawauliza wapangaji wangu, na nitalizungumza kwenye mkutano wa mtaa, kwa sababu 18,000 kwa mwaka ni kiasi ambacho mwenye nyumba yeyote anaweza kukitoa kwenye pango la chumba kimoja.

Mhadhiri, Iyumbu

Jibu la mzee linastahili heshima, na pia linaonyesha kwa nini swali hili haliwezi kumalizwa kwa kutazama umri peke yake. Ndani ya rika moja, lenye nyumba zinazofanana na pensheni zinazofanana, yupo atakayepinga na yupo atakayekubali, na kinachowatenganisha ni kile kila mmoja anachoamini kwamba alipewa alipokuwa kijana.

Yair Ghitza, Andrew Gelman na Jonathan Auerbach, waliochambua kura za urais za Marekani kwa vizazi, wamekuta kwamba matukio ya kisiasa yanayomkuta mtu kati ya miaka 14 na 24 ndiyo yenye uzito mkubwa katika msimamo wake wa baadaye, kuliko yanayomkuta akiwa mtu mzima. Mzee wetu alikutwa na Azimio. Waliofikisha miaka kumi na minane mwaka 1993 walikutwa na gharama za matibabu na michango ya shule, na mimi niliye karibu na rika hilo nawaona wenzangu wengi wakiamini kwamba kila familia ijitegemee, tangu wakiwa vijana, kabla hawajalipa kodi yoyote ya maana. Hao hawakuwa wahafidhina kwa kuzeeka. Walikulia humo.

Kenya imetupa mfano wa karibu zaidi. Juni 2024 vijana waliandamana kuupinga Muswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia hadi ndani ya Bunge, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Mtu aliyesoma habari za California ya 1978 angedhani hao ni wahafidhina wanaokataa kodi. Lakini madai yao yalikuwa juu ya ubadhirifu, ufisadi na huduma mbovu, yaleyale ambayo Mama wa Sabasaba ameyaandika hapa kwa lugha ya mtaro, taa na choo.

Kwetu, rika la kuangaliwa ni la waliofikisha miaka kumi na minane mwaka 2021. Kumbukumbu yao ya kwanza ya kodi ni tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai mwaka huo, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Walikatwa kwenye fedha ya nauli waliyotumiwa na wazazi, kabla hawajawa na mshahara wala TIN, yaani namba ya mlipakodi. Waliona pia malalamiko ya wananchi yakiishusha tozo hiyo kwa asilimia 30 katika muda usiofika miezi miwili, na baadaye wakaona vituo vya afya vikijengwa kwenye kata kwa fedha zake, hata watu wakaviita vituo vya tozo. Kwa hiyo wanajua kwamba kodi inaweza kumwonea mtu, kwamba inaweza kupunguzwa ikisemewa, na kwamba inaweza kujenga wodi ya wazazi. Rika hilo litafikisha miaka thelathini na mitano mwaka 2038. Ndugu mleta mada, wakati huo wewe utakuwa bosi wao, na naamini kitakachoamua mawazo yao ni kama watakuwa wamepata kiwanja, na kama Bodi itakuwa bado inawakata asilimia 15.